Bangkok ukishafunga mzigo: mwongozo wa kula na kuzunguka jiji kwa siku mbili

Kila msimu maswali ni yale yale. Nimefika Pratunam, ule mtaa wa maduka ya nguo, mzigo nimeshakabidhi kwa watu wa kargo, ndege ni kesho kutwa usiku, sasa niende wapi? Nitakula nini mimi Muislamu? Dereva wa bajaji kaniambia jumba la mfalme leo limefungwa, ni kweli? Na lile ambalo halikosekani, eti hivi kule si wanakula wadudu tu? Nimeona niandike mara moja, mtu akiuliza namtumia hii alafu naenda kulala.

Mwongozo huu ni wa yule anayekwenda Bangkok kikazi na amebakiwa na siku mbili za kwake. Kuna watu wamekwenda miaka na miaka, wanajua kila ghorofa ya moli ya Platinum na kila kichochoro cha Indra, ila mtoni hawajawahi kukanyaga, na chakula chao ni wali kuku wa mgahawa mmoja karibu na hoteli, asubuhi mpaka usiku. Inasikitisha bana, jiji lenye chakula kile barabarani kwa bei ile! Kama umekwenda matembezi tu bila mzigo, hatua ni hizi hizi, utakuwa tu na nafasi zaidi kwenye begi.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Bei nimeweka kwa baht, na baht moja sasa hivi inacheza kwenye shilingi 4 ya Kenya au 75 hivi ya Tanzania, inapanda na kushuka kwahiyo angalia mwenyewe kabla hujapiga hesabu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Sio ya kuacha nyumbani, sio picha kwenye simu, kadi yenyewe. Ukitokea Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo wanaidai.
- Viza. Wengi wetu huku tunaomba mtandaoni kabla ya safari, usije ukapanda ndege kwa kuamini maneno ya mtu kwamba utapewa mlangoni.
- Fomu ya kuingia ya kidijitali, inaitwa TDAC, imeanza tarehe 1 Mei 2025. Unaijaza ndani ya siku 3 kabla ya kufika na ni BURE. Tovuti ikikuomba hela ujue umeingia kwa matapeli, toka.
- Dola safi, noti mpya kubwa zisizo na mikunjo wala maandishi. Shilingi zetu kule usizitegemee kwenye maduka ya kubadilisha.
- Suruali au sketi ndefu na shati au blauzi yenye mikono. Kwanini, tutaona hatua ya 4.
- Viatu vya kuvua haraka. Hekaluni unavua, unavaa, unavua tena, mwenye buti la kamba ndefu atajuta.
- Laini ya simu yenye bando, nunua hapo hapo eapoti kama hutaki usumbufu, na pakua Grab au Bolt mapema. Wengi Bolt mnayo tayari.
- Skrini shoti ya jina na anwani ya hoteli yako kwa maandishi ya Kithai. Waombe mapokezi wakuandikie. Hii usiidharau.

Kanga au kikoi kimoja kwenye begi pia kinafaa, unajifunga kiunoni, unajifuta jasho, unakalia botini.

Hatua ya 1: Toka eapoti bila kuzungushwa

Ukishuka Suvarnabhumi usikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza kaunta ya afya iliyoandikwa Health Control, onyesha kadi ya njano, wakupe uthibitisho, ndio uende uhamiaji. Watu wanapanga foleni saa nzima, wanafika mbele, afisa anaangalia pasipoti anawarudisha kaunta ya afya alafu wanaanza upya nyuma kabisa. Kila ndege inayotoka kwetu lazima yuko mmoja.

Ukishatoka, badilisha hela kidogo tu. Shuka mpaka chini kabisa kwenye treni, kule kuna maduka ya kubadilisha yenye rate nzuri kuliko yale ya juu ukitoka na mabegi. ATM za Thailand zinakata baht 220 au zaidi kila ukichomoa kwa kadi ya nje, kwahiyo ukitumia toa kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja, sio elfu moja moja.

Usafiri: kama unakaa Pratunam na begi lako ni la kubebeka, panda treni ya Airport Rail Link ushuke Ratchaprarop, nauli haizidi baht 45, na foleni ya magari haikuhusu. Kama ni usiku sana au una mabegi matatu, shuka ghorofa ya chini kwenye foleni rasmi ya teksi, unachukua kikaratasi kwenye mashine kina namba ya teksi yako. Mita inaanzia 35, juu yake kuna ada ya eapoti na hela ya barabara ya kulipia. Anayekufuata ndani ya jengo akikwambia “taxi my friend”, mpite.

Hatua ya 2: Panga siku kwa jua

Mtu anaamka saa 4, anakunywa chai taratibu, anafika jumba la mfalme saa 6 mchana, anapikwa na jua pamoja na watalii elfu kadhaa, saa 8 amerudi hoteli kichwa kinauma na anasema Bangkok haina kitu. Joto la pale linachosha hata sisi wa pwani, tena Aprili ndio kilele.

Mpango uwe hivi: mahekalu na mtoni asubuhi mapema, mchana wa saa 7 mpaka 10 uwe ndani penye kiyoyozi (moli, makumbusho, au lala tu), jioni na usiku ni kula. Mei mpaka Oktoba ni mvua, inakuja jioni kwa hasira alafu inakatika. Novemba mpaka Februari ndio msimu mtamu, ingawa kuanzia Januari hivi hewa inakuwa na vumbi baya, mwenye pumu abebe dawa zake. Tarehe 13 mpaka 15 Aprili ni Songkran, mwaka mpya wao, jiji zima linamwagiana maji, simu iweke kwenye mfuko wa plastiki na maduka mengi yanafungwa. Kama umefuata mzigo, usije wiki hiyo.

Hatua ya 3: Fika mtoni

Mto unaitwa Chao Phraya na vitu vikubwa vya kale vimejipanga pembeni yake, ukishaujua mto umeshajua nusu ya jiji. Kutoka Pratunam tembea mpaka kituo cha BTS cha Chit Lom, hiyo ni treni ya juu, imeanza 1999. Badilisha Siam, panda laini ya Silom mpaka Saphan Taksin. Tiketi unanunua kwenye mashine au kaunta. Treni ya chini, MRT, unaweza kugusisha tu kadi yako ya Visa au Mastercard getini ukapita.

Ukishuka Saphan Taksin, gati la Sathorn liko pale chini. HAPA KUNA MTEGO MDOGO. Kuna boti ya watalii yenye bendera ya bluu na kuna boti ya wananchi yenye bendera ya chungwa. Zote zinapita mto huo huo. Watu wa bluu wana kipaza sauti na meza nzuri kwahiyo mgeni anadhani ndio hiyo tu. Boti ya chungwa ni baht 16 popote unapokwenda, unalipa kwa keshi, shika hela ndogo ndogo mkononi, na inaposimama panda haraka manake haikai. Shuka Tha Chang kwa jumba la mfalme, au Tha Tien kwa hekalu la Wat Pho (wat ni hekalu).

Njia ya pili, ambayo mi naipenda zaidi kwa siku ya pili, ni boti za mfereji wa Saen Saep. Gati la Pratunam liko pale pale kwenu, chini ya daraja, wengi mnapita juu yake kila siku na maboksi hamjui. Inakupeleka mpaka Panfa karibu na Mlima wa Dhahabu, kile kilima chenye hekalu juu yake. Maji ni machafu na yanarushwa, ndio maana kuna turubai pembeni abiria wanalivuta kwa kamba, ukikaa pembeni kazi hiyo ni yako.

Hatua ya 4: Jumba la Mfalme, saa 2:30 asubuhi, sio baadaye

Jumba lilianza kujengwa 1782, mwaka ule ule mfalme Rama wa Kwanza alipoifanya Bangkok kuwa makao makuu. Kiingilio kwa mgeni ni baht 500, ndio kiingilio kikubwa kwenye mwongozo huu na kinalipa. Wanafungua saa 2:30 asubuhi, tiketi wanaacha kuuza saa 9:30 alasiri. Ndani yake kuna hekalu la Wat Phra Kaew lenye Buddha wa Zumaridi, sanamu ya jiwe la kijani ndefu kama sentimita 66 tu, watu wanategemea kitu kikubwa wanaangalia huku na huku kumbe iko juu kabisa. Inavishwa nguo za dhahabu zinazobadilishwa mara tatu kwa mwaka kufuata majira, na anayeibadilisha kwa kawaida ni mfalme mwenyewe. Ndani ya ukumbi wake hakuna kupiga picha, nje piga mpaka uchoke.

Nguo: magoti na mabega yafunikwe, wanawake kwa wanaume. Kaptula hapana, leginsi za kubana hapana, suruali zenye matundu ya fasheni hapana. Kujitupia mtandio juu ya blauzi isiyo na mikono getini wanaweza kukukatalia, kwahiyo mikono iwe imeshonwa kwenye nguo. Baibui na kanzu hazina shida yoyote.

Sasa lile swali la dereva wa bajaji. Utakuwa unatembea kuelekea getini, mtu nadhifu anakusogelea, Kiingereza safi, anauliza unatoka wapi, anakwambia leo pamefungwa kuna sherehe, au wageni wanaingia mchana tu. Lakini una bahati, kuna hekalu lingine leo liko wazi, na bajaji ya kukuzungusha ni baht 20 tu. Ukipanda umekwisha. Utapelekwa hekalu moja la kweli, alafu duka la suti, alafu duka la vito ambako kuna “promosheni ya serikali leo mwisho”, unaambiwa nunua yakuti hizi ukauze kwenu kwa faida mara mbili. Mchezo huu ni wa miaka mingi na bado unakula watu kila siku. Sisi tunaotoka nchi ya Mererani kwenye migodi ya tanzanite, ambako vito vya kwetu vinabebwa mpaka masoko ya Bangkok na Chanthaburi, tuje kuuziwa mawe ya bei chee na mtu wa bajaji, jamani! Jibu ni moja: usisimame, nenda mpaka getini ukaone mwenyewe kwa macho yako.

Hatua ya 5: Wat Pho, kisha vuka mto

Toka jumbani tembea kusini kama dakika 10 mpaka Wat Pho, kiingilio 300. Buddha aliyelala mle ana urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, jengo limembana kiasi kwamba humpati mzima kwenye picha moja, ukitaka aonekane vizuri piga kutokea upande wa miguu. Nyayo zake zimepambwa kwa maganda ya chaza wa lulu, zisogelee uangalie. Nyuma yake kuna vibakuli 108 watu wanatumbukiza senti kimoja kimoja, ile sauti inakufuata mpaka nje.

Hapo hapo kuna shule ya masaji ya Kithai, ile ya asili ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wake 2019. Baada ya kubeba maboksi Pratunam siku tatu, mgongo utakushukuru. Ni masaji ya kukunjwa na kukanyagwa ukiwa umevaa nguo, sema mapema kama una tatizo la mgongo au shinikizo la damu.

Alafu nenda gati la Tha Tien, kivuko cha kuvuka ni baht 5, ng'ambo ndio Wat Arun, kiingilio 200. Mnara wake umefunikwa vipande vya vyombo vya kaure vya Kichina, vikombe na sahani vilivyovunjika vikapangwa maua, kwa mbali huoni, sogea. Ngazi ni kali sana, kushuka ndio kazi. Ukitaka picha yake ya jua kuzama, rudi upande wa Tha Tien, usibaki chini yake.

Hatua ya 6: Kula (hapa tukae kidogo)

Kanuni ya kwanza: usishibe sehemu moja. Sahani za barabarani Bangkok ni ndogo, baht 50 mpaka 80, na zimepangwa hivyo watu wale mara nyingi. Mswahili anafika anaagiza sahani mbili za wali kwenye meza ya kwanza, amemaliza siku. Kula kidogo, tembea, kula tena.

Kanuni ya pili: fuata wenye vitambulisho shingoni. Wafanyakazi wa maofisini wakitoka saa 6 mchana, angalia wanapanga foleni kwa nani. Kigari chenye watu kinamaliza chakula haraka, kwahiyo hakilali.

Kanuni ya tatu, kwa Waislamu na wasiokula kitimoto kwa sababu nyingine: nguruwe yuko kila mahali na hajifichi. Neno la kushika ni *moo*. Kuku ni *gai*, ng'ombe *nuea*, samaki *pla*, kamba *goong*. Ukiona mishkaki myembamba inanukia vizuri asubuhi, baht 10 au 15 mmoja, hiyo ni moo ping, ni nguruwe. Usidhani kuagiza “gai” kumemaliza kazi, kwasababu supu ya tambi mara nyingi imechemshwa na mifupa ya nguruwe hata kama juu wamekuwekea kuku, na karai ni moja kwa wote. Zile tambi za bakuli dogo za pale Victory Monument zinasifika sana, ila mchuzi wake unawekwa damu. Anayejali asibahatishe, aende kwenye chakula cha halali, na kipo tele:

- Mtaa wa Phetchaburi Soi 7 (soi ni kichochoro), karibu na BTS Ratchathewi, kuna msikiti wa Darul Aman na nje yake chakula cha Waislamu wa Kithai. Kutoka Pratunam unatembea kwa miguu. Ukiwa na muda wa kwenda sehemu moja tu, iwe hii.
- Sukhumvit Soi 3/1 pale Nana, watu wanauita mtaa wa Waarabu. Shawarma, mandi, mikate. Ni kuzuri ila bei imechangamka, na hujasafiri saa zote hizo kuja kula mandi.
- Msikiti wa Haroon, kichochoro cha Charoen Krung 36, karibu na mto. Unaswali unakula.

Alama ya halali ya Thailand ni umbo la almasi lenye maandishi ya Kiarabu ndani. Iko kwenye vigari, na iko kwenye pakiti za biskuti na tambi ndani ya vile viduka vya 7-Eleven pia.

Sasa uagize nini. *Khao mok gai* ni biriani ya Waislamu wa Kithai, wali wa manjano, kuku ndani, vitunguu vya kukaanga juu, na kando unapewa sosi ya kijani tamu chachu yenye nanaa. Hiyo sosi usiiache. *Massaman* ni mchuzi mzito wa tui la nazi na viazi na karanga, una mdalasini na iliki, mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kuula. *Pad kra pao gai kai dao* ni kuku wa kusaga aliyekaangwa na majani ya mrehani na pilipili, wali, na yai la kukaanga juu. Mi naona ndicho chakula cha kweli cha jiji lile, kuliko hata pad thai ambayo kila mgeni anaikimbilia. Pad thai ni tambi tamu za ukwaju na karanga, ni nzuri, kula mara moja inatosha. *Som tam* ni papai bichi linalotwangwa kwenye kinu na pilipili, ndimu, sosi ya samaki na karanga, unakula na *khao niao*, wali wa kunata, unafinyanga tonge kwa mkono kama kawaida. *Tom yum goong* ni supu ya kamba yenye mchaichai, yale majani na vipande vya mizizi ndani hatafuni mtu, ni vya harufu.

Pilipili: sema *mai phet* kama hutaki kali, *phet nit noi* kama unataka kidogo. Ukijifanya mwanaume ukasema kali ya kwao, nisije nikalaumiwa. Mezani kuna vikopo vinne, sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili, na sosi ya samaki yenye pilipili. Onja kwanza ndio uongeze. Wanakula kwa kijiko mkono wa kulia na uma kushoto wa kusukumia, vijiti ni kwa tambi tu.

Mwisho tamu. Embe na wali wa kunata wenye tui, *khao niao mamuang*, msimu mzuri ni Machi mpaka Mei. Roti ya ndizi na maziwa ya kopo, wauzaji wengi ni Waislamu. Na matunda! Kuanzia Mei mpaka kama Agosti unakuta mashokishoki, mangostini na doriani. Wazanzibari doriani mnaijua, wengine mjiandae kwa harufu, na usiingie nayo hotelini wala kwenye treni, wamekataza.

Wadudu wapo, wamekaangwa, wanauzwa zaidi kwenye mitaa ya watalii kama Khao San, na wengine wanadai hela hata ukipiga picha tu. Hakuna anayekulazimisha.

Kuhusu ile migahawa maarufu ya kwenye televisheni: Jay Fai, yule mama wa miwani ya mafundi anayekaanga kimanda cha kaa, ana nyota ya Michelin tangu mwongozo wa kwanza wa Bangkok wa 2018. Chakula ni kizuri bila ubishi, ila unasubiri masaa na sahani moja inazidi baht elfu. Kwa mtu mwenye siku mbili, hapana.

Hatua ya 7: Usiku nenda Yaowarat

Ndio mtaa wa Wachina. Fika saa 10 hivi alasiri kwanza Wat Traimit, kabla hawajafunga saa 11. Kuna Buddha wa dhahabu wa tani 5 na nusu. Kwa miaka mingi alikuwa amepakwa plasta, hakuna aliyejua kilichomo, mpaka 1955 walipokuwa wanamhamisha, kamba ikakatika, akaanguka, plasta ikabanduka dhahabu ikaonekana.

Ukitoka hapo tembea taratibu kwenye barabara ya Yaowarat, kuanzia saa 12 jioni vigari vinajipanga. Vyakula vya baharini, mikate ya kubanika yenye krimu, juisi ya komamanga, njugu za kuchoma. Nguruwe ni wengi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwahiyo asiyekula abaki kwenye samaki na matunda. Jumatatu wengi hawafungui. Kurudi, MRT Wat Mangkon iko pale pale.

Hatua ya 8: Siku ya pili

Kama ni Jumamosi au Jumapili nenda soko la Chatuchak, vibanda zaidi ya 15,000, BTS Mo Chit. Nenda asubuhi, na ukipenda kitu nunua hapo hapo, ukisema nitarudi hurudi, hutakiona tena. Kama ni siku nyingine panda boti ya Saen Saep mpaka Panfa, panda ngazi mia tatu na kitu za Mlima wa Dhahabu uone jiji zima, alafu kurudi shuka karibu na nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani wa hariri aliyepotea Malaysia 1967 asionekane mpaka leo. Ng'ambo ya mfereji kuna Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa asili ya Cham ambao ndio walimfumia hariri. Jioni bustani ya Lumphini, kuna kenge wakubwa wanatembea pembeni ya bwawa kama wanalipa kodi, usiwasogelee.

Soko la kuelea la Damnoen Saduak liko kama kilomita 100 nje ya jiji. Ruka.

Makosa yanayogharimu

Usimtukane wala kumfanyia mzaha mfalme, hata mtandaoni, hata kwa Kiswahili. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai ni jela miaka 3 mpaka 15 kwa kosa moja. Noti zina picha yake, ikianguka usiikanyage kuizuia. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa unapigwa vituoni na bustanini, wakisimama simama. Sigara za umeme ni marufuku. Bangi utaona maduka yake, lakini tangu Juni 2025 inataka cheti cha daktari, na ukiibeba kwenye begi la kurudi hiyo kesi ni ya kwako na familia yako. Wanawake wasiguse mtawa. Kichwa cha mtu usikiguse, hata cha mtoto.

Ikienda kombo

*Teksi amekataa mita.* Shuka, simamisha nyingine, au ita Grab. Usibishane. Ukiwa peke yako na foleni ni kubwa, kuna bodaboda za vizibao vya chungwa, mnapatana bei kabla ya kupanda.

*Bajaji.* Ni kwa raha tu, safari fupi, bei mpatane kwanza, na useme wazi hakuna duka.

*Pilipili imekuunguza.* Maji hayasaidii, kula wali mtupu au kunywa maziwa.

*Tumbo limechafuka.* Duka la dawa liko kila mtaa na wafamasia wengi wanaelewa Kiingereza, omba maji ya chumvichumvi ya pakiti. Maji ya bomba usinywe. Barafu yenye tundu katikati ni ya kiwandani, haina shida. Ukiona damu au homa kali nenda hospitali, usisubiri ndege.

*Nimepotea na simu imezima.* Ndio maana nikasema uandikiwe anwani kwa Kithai, na iwe kwenye karatasi pia.

*Nimeibiwa au nimetapeliwa.* Polisi wa watalii ni 1155, wanaongea Kiingereza. Gari la wagonjwa ni 1669.

*Pasipoti imepotea.* Ripoti polisi kwanza, upewe karatasi. Wakenya wana ubalozi Bangkok. Wengine ulizeni kabla hamjasafiri ni ubalozi upi unawahudumia, muandike namba.

*Viza imeisha na ndege imeahirishwa.* Faini ni baht 500 kwa siku mpaka 20,000, unalipa eapoti kaunta ya uhamiaji. Nenda mapema masaa manne kabla, na ubakishe keshi ya baht, usije ukawa umeimalizia yote kwenye embe.